Mfuko na Lugha Yake: Ruzuku za Umma katika Ushirikiano wa Kitamaduni wa Kimataifa Bujumbura, 1957–2022

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya ruzuku za umma zilizogharimia ushirikiano wa kitamaduni kati ya Burundi na mataifa mengine, kwa kuzingatia zaidi jiji la Bujumbura. Yanadai kwamba ruzuku, kwa kawaida, ilifika ikiwa imevaa lugha ya aliyeitoa, na kwamba ilibadili lugha pale tu mfadhili alipohitaji kueleweka na watu wa kawaida. Yanadai pia kwamba uhai wa mradi haukutegemea sana ukubwa wa fedha za mwanzo bali ulitegemea ni nani aliyeachiwa gharama za kila siku. Kwa mizani hiyo, Kiswahili, ambacho ni lugha ya soko na mtaa Bujumbura na sasa ni lugha ya mtangamano wa Afrika Mashariki, kimepewa maazimio mengi pasipo kupewa mfuko.

Utangulizi

Mgeni aliyetaka kuzijua lugha za diplomasia Bujumbura katika robo ya mwisho ya karne ya 20 angeweza kuzisoma milangoni. Palikuwa na kituo cha utamaduni cha Ufaransa, ambacho leo huitwa Institut français du Burundi. Palikuwa na kituo cha utamaduni cha Warusi. Palikuwa na maktaba ya Wamarekani yenye jina la Martin Luther King. Katika karne hii Chuo Kikuu cha Burundi kimepata Taasisi ya Confucius. Nyuma ya kila mlango ilikuwapo wizara au wakala wa serikali ya ng'ambo uliolipa umeme, vitabu, walimu na tiketi za ndege za wanamuziki.

Katika mji huohuo, mtaa wa Buyenzi umejulikana tangu enzi ya Wabelgiji kuwa makao ya Waswahili: watu waliotokea Ujiji na Manyema, Wakongo wa ng'ambo ya ziwa, na Warundi waliosilimu au walioichukua lugha hiyo kwa ajili ya biashara. Kiswahili kilikuwa lugha ya utawala wa Wajerumani, waliojenga kituo chao cha kijeshi cha Usumbura mwaka 1897, na baadaye wamisionari Wakatoliki wakakitilia shaka kwa kukihusisha na Uislamu. Mwana wa mfalme, Louis Rwagasore, alipoanzisha ushirika wa wafanyabiashara wa Bujumbura mwaka 1957, Waswahili wa mji walikuwa miongoni mwa waliomuunga mkono. Katika safu ya milango ya karne ile, hata hivyo, Kiswahili hakikuwa na mlango wake. Kiliishi kwa mifuko ya wenyewe: madrasa, vikundi vya taarabu, harusi na soko.

Kwa madhumuni ya makala haya, ruzuku ya umma ni fedha itokayo katika hazina ya serikali moja au zaidi, inayotolewa bila kudai irejeshwe, kwa ajili ya kazi maalumu yenye washirika wa zaidi ya nchi moja. Mkopo haumo, wala sadaka ya tajiri binafsi. Msaada wa bajeti ya serikali haumo pia, ingawa kama itakavyoonekana mbele, kukatwa kwake kumewahi kukausha vijito vidogo vya utamaduni vilivyokuwa kandokando yake.

Kinasa sauti na santuri

Ruzuku za mwanzo hazikuitwa ushirikiano. Mwaka 1947 Ubelgiji iliunda taasisi ya utafiti wa kisayansi ya Afrika ya Kati, IRSAC, yenye makao makuu Lwiro, magharibi mwa Ziwa Kivu, na kituo cha sayansi za jamii Astrida, ambayo baadaye iliitwa Butare. Ni chini ya taasisi hiyo ndipo Jan Vansina, kuanzia mwaka 1957, alipokusanya masimulizi ya Rwanda na Burundi yaliyoupa umbo utaalamu wake wa historia ya mapokeo ya mdomo. Kitabu kilichotokana na masimulizi ya Burundi, La légende du passé, kilichapishwa Tervuren, Ubelgiji, mwaka 1972. Njia aliyopita msimuliaji wa kilimani, kutoka Kirundi hadi Kifaransa na kutoka kilimani hadi maktaba ya Ulaya, ikawa njia ya kawaida. Fedha ililipia safari ya kwenda kukusanya. Safari ya kurudisha haikuwamo katika bajeti.

Mfano wa ngoma uko wazi zaidi, na unastahili kuangaliwa kwa utulivu kwa kuwa ndio ulioipa Burundi jina duniani. Ngoma za kifalme zilikuwa sehemu ya ibada ya dola. Patakatifu pa Gishora, karibu na Gitega, pangali panatunzwa. Ufalme ulipofutwa Novemba 1966, ngoma zilipoteza mwenyewe. Mwaka uliofuata, Michel Vuylsteke alizirekodi kwa ajili ya Ocora, lebo ya utangazaji wa umma wa Ufaransa iliyozaliwa katika ofisi ya ushirikiano wa redio kati ya Ufaransa na makoloni yake ya zamani. Kazi hii ilikuwa ya umma kwa kila hali: mtambo wa umma, mshahara wa umma, lengo la kuhifadhi na kueneza. Santuri iliyotoka, Musique du Burundi, ilikuwa kazi ya heshima.

Lakini ilipokwisha kuwa santuri, sauti ilikuwa na uhuru ambao wapigaji wake hawakuwa nao. Mwaka 1971 ilitoka rekodi ya biashara, Burundi Black, iliyopachika piano na gitaa juu ya ngoma zilezile na kubeba jina la mtunzi asiye Mrundi, Mike Steiphenson. Mwaka 1975 Joni Mitchell akazitumia ngoma hizo katika wimbo The Jungle Line, na kufikia mwanzo wa muongo wa 1980 mdundo wake ulisikika katika muziki wa vijana wa Uingereza. Wapigaji wenyewe walipanda jukwaani katika tamasha la kwanza la WOMAD, Uingereza, mwaka 1982. Kwa mtu wa sera, suala haliishii katika wizi wa kazi ya sanaa. Ruzuku ya umma ilizalisha mali ambayo mkataba wake haukumtaja mwenye ngoma kama mwenye haki, na mali isiyotajiwa mwenyewe huokotwa na apitaye njia.

Dola ya Burundi ilikuja kujibu, ila kwa namna yake. Mwaka 2014 ngoma ya kifalme iliingizwa katika Orodha Wakilishi ya Urithi wa Kitamaduni Usioshikika wa Binadamu ya UNESCO. Kuorodheshwa kwenyewe hakuleti fedha, jambo ambalo hotuba za siku ile hazikulisisitiza. Oktoba 2017 ikatoka amri ya rais iliyowakataza wanawake kupiga ngoma hizo, ikataka kila onyesho lipate kibali cha wizara, na ikaweka ada ya faranga 500,000 za Burundi kwa onyesho. Hapo uhusiano wa ruzuku ukageuka. Hazina ya umma, iliyotarajiwa kumpa mpiga ngoma, ikawa ndiyo inayopewa. Wapo wanaoitetea amri hiyo kwa kusema kwamba ilikusudia kukomesha uchuuzi wa kitu kitakatifu, na kwa kuzingatia historia ya santuri hoja hiyo si ya kupuuzwa. Hata hivyo ada ya kiasi hicho humwelemea mwalimu wa vijana wa mtaani kabla haijamgusa mwandaaji wa hoteli kubwa.

Kati ya Zanzibar na Yaoundé

Mwaka 1972 UNESCO ilipitisha mpango wa miaka kumi wa kuchunguza mapokeo ya mdomo na kukuza lugha za Kiafrika. Matunda yake yalikuwa vituo vya kikanda vilivyoendeshwa na serikali zenyewe kwa michango ya kila mwaka, UNESCO ikiwa mkunga. Kituo cha Niamey kilihudumia Afrika Magharibi. CERDOTOLA, kilichoanzishwa mwaka 1977, kiliwekwa Yaoundé kwa ajili ya Afrika ya Kati. EACROTANAL kiliwekwa Zanzibar kwa ajili ya Afrika Mashariki na visiwa vya Bahari ya Hindi.

Burundi ilikuwa mwanachama wa Yaoundé na wa Zanzibar pia. Hilo linaieleza nchi vizuri kuliko ramani: upande mmoja ilikaa na jirani zake wa Kifaransa, upande mwingine ilikaa meza moja na Tanzania, Somalia na Komoro. Kwa mara ya kwanza palikuwapo chombo cha umma ambamo mtafiti wa Kirundi na mtafiti wa Kiswahili wangeweza kufanya kazi chini ya paa moja lililolipiwa na serikali zao wenyewe, bila kupitia Paris au Brussels.

Kilichokiangusha kituo cha Zanzibar si ukosefu wa fikra. Katika muongo wa 1980 nchi wanachama zilibanwa na madeni na masharti ya kurekebisha uchumi, na mchango wa kituo cha mapokeo ya mdomo ulikuwa miongoni mwa mistari ya bajeti iliyo rahisi kuirukwa: hakuna mgonjwa anayekosa dawa kwa sababu yake, wala askari anayegoma. Michango ilikauka, kazi ikazorota, kituo kikafungwa. Kile cha Yaoundé kimeendelea kuwapo. Kwa hiyo Burundi ilibakiwa na mguu mmoja tu, ule wa Kifaransa, si kwa uamuzi wa sera ya lugha bali kwa sababu ya risiti ambazo hazikulipwa. Ni vigumu kupata sehemu nyingine katika historia hii ambapo jambo kubwa kiasi hicho liliamuliwa kimyakimya namna hiyo.

Maktaba ya tarafa

Burundi ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotia saini mkataba wa Niamey wa tarehe 20 Machi 1970 uliounda Wakala wa Ushirikiano wa Kitamaduni na Kiufundi, mzazi wa Jumuiya ya Kimataifa ya Nchi Zizungumzazo Kifaransa ya leo. Kutoka katika mfuko wa jumuiya hiyo ulizaliwa mradi ambao kwa mtazamo wa utekelezaji ndio uliofanikiwa kuliko yote yanayojadiliwa hapa: vituo vya usomaji na uhamasishaji wa utamaduni, maarufu kwa kifupi CLAC, vilivyoanza Benin katikati ya muongo wa 1980 na kuenea Burundi baadaye.

Muundo wake ulikuwa mwepesi. Jumuiya ilileta vitabu vipatavyo 2,500, runinga, vifaa vya sauti na michezo ya mezani. Serikali ya tarafa, au komine kama wanavyoiita Warundi, ilitoa nyumba na mtu wa kuisimamia. Mtandao ukakabidhiwa chombo cha taifa, CEBULAC, ili siku mfadhili akiondoka pawepo mwenye ufunguo. Mgawanyo huu ulikuwa na hekima ambayo wapangaji wa miradi ya utamaduni huisahau mara kwa mara. Fedha ya nje ilinunua kile ambacho tarafa isingeweza kukinunua, na tarafa ikabeba kile ambacho fedha ya nje haiwezi kukibeba milele, yaani mshahara wa mtu mmoja na paa moja. Kijana wa tarafa ya mashambani aliyetaka kufanya kazi ya shule kwenye mwanga wa taa alikwenda huko, na mwalimu asiye na kamusi alikwenda huko pia.

Lakini rafu zilizungumza Kifaransa. Jambo hili halihitaji kulalamikiwa: jumuiya ya Kifaransa ilinunua vitabu vya Kifaransa kwa fedha za walipa kodi wa nchi za Kifaransa, na mtu hapaswi kumlaumu mwenye ng'ombe kwa kukamua ng'ombe wake. Linalopaswa kuulizwa ni kwa nini hakukuwa na rafu ya pili. Nyumba ilikuwapo, msimamizi alikuwapo, msomaji alikuwapo. Wakimbizi wa Kirundi waliorejea kutoka Tanzania katika miaka ya 2000, wengi wao watoto na wajukuu wa waliokimbia mwaka 1972, walifika Makamba, Rumonge na Nyanza-Lac wakisoma Kiswahili kwa wepesi zaidi kuliko Kifaransa. Katikati ya muongo huohuo Kiswahili kiliingizwa katika mtaala wa shule za msingi za Burundi pamoja na Kiingereza. Kuongeza kasha la vitabu vya Kiswahili kwenye maktaba iliyokwisha simama ni kazi ndogo sana ya ushirikiano wa kimataifa, na nchi yenye vitabu hivyo iko jirani, ng'ambo ya Mto Malagarasi.

Redio wakati wa vita

Kanuni kwamba mfuko huja na lugha yake ina ubaguzi mmoja mkubwa, na ubaguzi huo unafundisha kuliko kanuni. Mwaka 1995, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea, shirika la Search for Common Ground lilianzisha Bujumbura Studio Ijambo, kwa fedha za umma za Marekani kwanza na za wafadhili wengine baadaye. Studio iliwaweka waandishi wa Kihutu na wa Kitutsi pamoja. Kazi yake iliyopendwa kuliko zote ilikuwa mchezo wa redio ulioandikwa na Marie-Louise Sibazuri, Umubanyi niwe umuryango, yaani jirani ndiye ndugu, kuhusu familia mbili jirani. Uliandikwa na kuigizwa kwa Kirundi.

Walipakodi wa Marekani, basi, waligharimia fasihi ya Kirundi, tena fasihi iliyosikilizwa na umma mpana. Haikuwa kwa kuipenda lugha. Lengo lilikuwa kumfikia msikilizaji wa kilimani kabla uvumi haujamfikia, na hakuna lugha nyingine iliyofika huko kwa kasi hiyo. Kwa hiyo kanuni inahitaji kurekebishwa: mfadhili anayetaka kuonekana hulipia lugha yake, na mfadhili anayetaka kusikika hulipia lugha ya msikilizaji. Lugha za Kiafrika zimepata ruzuku nyingi zaidi chini ya vichwa vya amani, afya na uchaguzi kuliko chini ya kichwa cha utamaduni. Matokeo yake ni kwamba mwandishi wa tamthilia hulipwa maadamu kuna hatari. Hatari ikipungua, naye hupungukiwa.

Katika miaka hiyohiyo Kiswahili cha Bujumbura kilivuka bahari kwa njia isiyohusiana na ruzuku hata kidogo. Khadja Nin, mzaliwa wa Burundi aliyeishi Ubelgiji, alitoa mwaka 1996 albamu Sambolera, yenye nyimbo za Kiswahili, ikauzwa Ulaya kama bidhaa nyingine yoyote ya muziki. Mfano huo hutajwa na wanaoamini kwamba soko linatosha. Kwa msanii mmoja mwenye kampuni ya kimataifa nyuma yake lilitosha. Filamu ndefu ya kwanza ya Burundi, Gito l'ingrat ya Léonce Ngabo ya mwaka 1992, ilihitaji washirika wa Ulaya ili ikamilike, na Ngabo huyohuyo alipoanzisha mwaka 2009 tamasha la filamu la FESTICAB, alilazimika kubisha hodi kwenye milango ileile iliyotajwa mwanzoni.

Kifungu cha 96

Mkataba wa Cotonou, uliotiwa saini tarehe 23 Juni 2000 kati ya Umoja wa Ulaya na nchi za Afrika, Karibiani na Pasifiki, ulikuwa na kifungu cha 27 kuhusu maendeleo ya kitamaduni. Chini yake ziliendeshwa programu za ruzuku kwa wasanii na taasisi za utamaduni. Ile iliyoitwa ACPCultures+ ilikuwa na euro milioni 30, na iliyoifuata ilitengewa euro milioni 40 na kugawiwa mameneja wa kikanda, Afrika Mashariki ikihudumiwa kutoka Nairobi na mfuko wa HEVA. Mkataba huohuo ulikuwa na kifungu cha 96, kilichoruhusu hatua dhidi ya nchi iliyovunja misingi ya haki za binadamu na demokrasia.

Burundi ilivisoma vifungu vyote viwili. Kufuatia mgogoro wa mwaka 2015, Baraza la Umoja wa Ulaya liliamua tarehe 14 Machi 2016 kusimamisha msaada wa moja kwa moja kwa serikali, katika kipindi ambacho mpango wa taifa wa 2014–2020 ulikuwa na euro milioni 432. Jumuiya ya nchi za Kifaransa nayo ilisimamisha sehemu kubwa ya ushirikiano wake mwaka huohuo. Msaada kwa wananchi haukukatwa kisheria. Kwa mtu wa utamaduni, hata hivyo, tofauti kati ya serikali na wananchi ni nyembamba kuliko inavyoonekana Brussels: ukumbi ni wa serikali, mwalimu wa muziki ni mtumishi wa serikali, kibali ni cha wizara. Oktoba 2018 mlango ukafungwa na upande wa pili, Burundi iliposimamisha kwa miezi mitatu mashirika ya kimataifa yasiyo ya kiserikali. Hatua za Ulaya ziliondolewa tarehe 8 Februari 2022.

Katika kipindi hicho cha ukame yalikuwapo mambo yaliyoendelea. Tamasha la tamthilia la Buja Sans Tabou, lililoanzishwa mwaka 2014 na Freddy Sabimbona na wenzake, lilivuka mgogoro. Lilizaliwa na kundi la wasanii wa mjini lililokuwa na wachezaji na watazamaji wake kabla ya kuwa na mfadhili, na huenda hiyo ndiyo siri yake.

Maazimio yasiyo na mfuko

Burundi iliingia rasmi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007. Mkataba wa Jumuiya, katika kifungu cha 119, unataka lugha za asili ziendelezwe, hasa Kiswahili. Kifungu cha 137, kama kilivyoandikwa awali, kilikifanya Kiingereza lugha rasmi na kuagiza Kiswahili kikuzwe kuwa lugha ya mawasiliano mapana. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, KAKAMA, iliundwa kwa itifaki ya mwaka 2007 na kuanza kazi Zanzibar mwaka 2015. Novemba 2021 UNESCO ikatangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Nyumbani, sheria ya Burundi ya mwaka 2014 kuhusu hadhi ya lugha ilikiongeza Kiingereza katika lugha rasmi, kando ya Kirundi na Kifaransa. Kiswahili hakikupewa daraja hilo.

KAKAMA imerudi katika kisiwa kilekile kilichokuwa na EACROTANAL, na inaishi kwa chakula kilekile: michango ya nchi wanachama. Kwa miaka mingi michango hiyo ilipangwa iwe sawa kwa kila nchi, iwe Kenya au Burundi, ambayo uchumi wake ni sehemu ndogo tu ya ule wa Kenya. Burundi imekuwa miongoni mwa nchi zilizochelewa kulipa, na mpangaji wa sera anayeshangaa hilo hajaitazama hesabu ya pande mbili. Chombo chenye jukumu la lugha nchi zote kinapowekwa chini ya mfuko unaofika kwa kuchelewa, hulipa mishahara kwanza, huandaa mkutano wa pili, na ruzuku kwa miradi ya watu huja mwisho, kama huja.

Sherehe nazo zina mantiki yake. Tamasha la sanaa na utamaduni la Jumuiya, JAMAFEST, lilianza Kigali mwaka 2013, likaenda Nairobi 2015, Kampala 2017 na Dar es Salaam 2019. Kwa mzunguko wa miaka miwili lingekuwa Bujumbura mwaka 2021. Lilifika Septemba 2022. (Jina lake refu ni Jumuiya ya Afrika Mashariki Utamaduni Festival. Neno la mwisho lilishindikana kutafsiriwa, au mwenye kalamu alichoka.) Kila nchi hugharimia msafara wake na mwenyeji hubeba uwanja. Kwa Bujumbura, iliyotoka katika miaka ya kutengwa, kupokea majirani wote kwa wiki moja kulikuwa na uzito ambao hesabu ya fedha haiupimi. Hata hivyo tamasha halina dirisha la ruzuku. Kundi la Buyenzi na kundi la Kigoma yakikutana uwanjani na kutaka kutunga kazi pamoja, hakuna ofisi ya Jumuiya ambayo yangeipelekea ombi. Yangelazimika kuandika kwa Kifaransa au Kiingereza, kwa mfano kwenda Mfuko wa Kimataifa wa Uanuwai wa Kitamaduni wa UNESCO, ambao hupokea maombi kwa lugha hizo mbili na hutoa hadi dola 100,000 kwa mradi: kiasi ambacho ni kikubwa mno kwa makundi yasiyo na mhasibu, na ambacho hakuna atakayewapa sehemu yake ndogo.

Kiasi kinachohitajika hapo ni nauli ya boti au basi, siku kumi za mazoezi, posho na ukodishaji wa vyombo. Mfano wa CLAC unaonyesha kwamba mgawanyo huo unawezekana: KAKAMA ibebe kile ambacho mtaa hauwezi, na mtaa, tarafa au chuo kibebe ukumbi na mtu wa kuufungua. Fungu hilo lingetengwa nje ya mishahara, lilipwe na nchi kwa uwezo wa uchumi wake, na lipokee maombi kwa Kiswahili.

Sharti hili la mwisho lina kazi ya lugha ndani yake, na kazi hiyo haijafanywa. Fomu za wafadhili zimejengwa juu ya dhana ambazo Kiswahili bado kinazitaja kwa namna tatu au nne: mwombaji kiongozi, mwombaji mwenza, mchango wa mwombaji, gharama zinazokubalika, matokeo tofauti na mazao ya mradi, hesabu zilizokaguliwa. Afisa wa Dodoma, wa Nairobi na wa Bujumbura hawazielewi kwa namna moja, na mwalimu wa ngoma wa Buyenzi, anayejua vyema gharama ya ngozi na ya mti wa umuvugangoma, hana pa kuziandika. Orodha ya istilahi mia moja za ruzuku, iliyokubaliwa na mabaraza ya lugha ya nchi wanachama na kuwekewa visawe vya Kirundi na Kifaransa kwa ajili ya wakaguzi wa Burundi, ni kazi ya kamati ya watu wachache kwa miezi michache. KAKAMA ina mamlaka ya kuiitisha kamati hiyo bila kusubiri mchango wa nchi yoyote.